Sahihisho la Ukurasa wa Thelathini na Saba

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake mliokuja kumsindikiza Mwalimu, wasifu huu unasomwa na binti yake wa kati, ambaye pia ndiye aliyeuandika. Familia ilikubaliana uwe ukurasa mmoja. Umezidi, na sababu yake itaonekana mbele. Kaka Mkubwa, aliyepewa kuupitia kwanza, aliusoma akiwa amesimama, akauweka mezani, akasema, "Basi watu watafutiwe viti."

Mwalimu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, ambaye alikuwa seremala. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alitambaa juu ya maranda kabla ya kutambaa juu ya mkeka, na kwamba kitu cha kwanza kilichomliza kwa uchungu wa kweli ni kunyang'anywa futikamba. Alipokuwa na miaka sita aliupima mlango wa jirani bila kuomba ruhusa, kisha akamwendea mwenye nyumba na kumweleza kuwa mlango wake umepinda nusu inchi upande wa bawaba. Jirani akaja juu, akaenda kulalamika karakanani. Seremala aliacha kazi, akaenda akapima mwenyewe, akarudi na jibu: "Mtoto hajakosea. Amekosa adabu tu."

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1956 na kumaliza mwaka 1962. Masomo ya sekondari aliyapata kati ya 1963 na 1966, katika shule ya bweni ambako alishika nafasi ya kwanza katika hesabu kila muhula, isipokuwa mmoja alioumwa surua. Mwaka 1968 alihitimu ualimu, akafundisha shule ya msingi kwa miaka mitano, halafu akajiunga na chuo kikuu mwaka 1973. Alihitimu shahada ya hesabu mwaka 1976. Cheti chake kimetundikwa ukumbini mpaka leo, kimepinda kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa aliyekitundika ni mkewe, na yeye hakuwahi kuthubutu kukinyoosha.

Walikutana mwaka 1975. Mkewe, ambaye yupo hapa mbele yetu, ni mshonaji, na wakati huo alikuwa na cherehani moja barazani kwa shangazi yake. Mwalimu alipeleka suruali iliyochanika goti. Alimkuta amepiga magoti sakafuni, ametandaza kitambaa, anakata sketi ya mwavuli, ile inayokatwa kwa duara. Alisimama akatazama mpaka mshonaji akaudhika.

"Una haraka au huna?" mshonaji aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sina. Naomba kuuliza. Mbona kiunoni umepima kidogo hivyo na huku kwenye pindo kitambaa kimeisha?"

"Kwa sababu ni duara, kaka yangu. Kipande ni kile kile, lakini ukienda mbali na kiuno kinapanuka. Huku chini kinakula kitambaa. Ukikata kama vile upana ni mmoja, mteja atavaa gunia."

Mwalimu aliondoka bila suruali. Alirudi siku ya pili kuichukua, siku ya tatu kulalamika kwamba kiraka kinabana, na siku ya nne hakuwa na kisingizio tena, akasema tu kilichomleta. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, na wakajaliwa watoto watatu: mwana mmoja mwaka 1977, na mabinti wawili, 1980 na 1984. Kwa miaka yote aliyofundisha alikiri darasani kwamba sehemu ngumu kuliko zote katika somo lake alielezwa na mkewe, sakafuni, akiwa na pini mdomoni.

Tarehe 1 Septemba 1979 aliajiriwa katika chuo cha ufundi, ofisi ya tatu kushoto ukipanda ngazi, dirisha linaloangalia tangi la maji. Mwaka 1990 alifanywa mkuu wa idara ya hesabu. Somo alilolipenda lilikuwa intigrali za mara mbili, na ndani yake mlango mmoja: kubadilisha vigeu. Kwa ambao hawakupita darasani kwake, jambo lenyewe ni hili. Ukitaka kujua uzito wa bamba ambalo si zito sawasawa, unalikata kimawazo vipande vidogo mno, unapima kila kimoja, unajumlisha. Kama bamba ni mstatili, vipande vya mraba vinatosha. Kama ni duara, miraba inagombana na ukingo. Kwa hiyo unahama: unaacha kuhesabu kwa urefu na upana, unahesabu kwa umbali kutoka katikati na kwa pembe. Mambo yanakuwa mepesi ajabu. Ila kipande cha umbali na pembe hakina ukubwa mmoja. Kadiri kinavyokuwa mbali na katikati ndivyo kinavyopanuka, kama pindo la sketi. Kwa hiyo ukishahama, lazima uzidishe kwa kiasi ambacho vipande vimevutika. Kiasi hicho ndicho kinachoitwa jakobiani, na kwa duara ni umbali wenyewe, herufi moja, r.

Alikuwa akiingia darasani na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, amekichora miraba kwa chokaa. Anawapa wanafunzi wawili wakivute. Miraba inalegea, inakuwa mipana, inapinda. Ndipo anasema maneno ambayo wengi wenu mnayajua kwa moyo: "Kuhama mnaruhusiwa. Hameni mtakavyo. Lakini mkishahama, semeni mmevuta kwa kiasi gani. Mkinyamaza, jibu litatoka zuri, safi, na la uongo."

Binti wa kati aliyasikia maneno hayo tangu akiwa mtoto wa kukaa chini ya meza. Yeye ndiye aliyeyasikia mara nyingi kuliko mtu yeyote, na ndiye hasa ambaye hayakumsaidia.

Mwezi Juni 2001, Mwalimu alipata mtoto wa jicho macho yote mawili. Alifanyiwa upasuaji wa jicho moja mwezi Julai na la pili mwezi Septemba, na kwa miezi hiyo alikaa nyumbani na miwani myeusi, amekatazwa kusoma. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kwa mkono kijitabu cha masomo ya idara, kurasa sitini na nne, katika daftari lenye jalada la kijani. Mwalimu kijana aliyemshikia nafasi alikuwa mgeni katika somo hilo na angekitegemea kijitabu kwa kila kitu. Mpigachapa alikuwa anangoja. Binti wa kati alikuwa nyumbani kwa likizo, ametoka kumaliza mwaka wake wa kwanza chuo kikuu, naye pia anasoma hesabu. Mwalimu alimpa daftari akamwambia, "Mwanangu, nipigie hizi kwenye kompyuta. Sasa hivi wewe ndiye macho yangu."

Alizipiga kwa siku tisa, kwenye kompyuta ya katibu wa chuo iliyoletwa nyumbani kwa mkokoteni na kuwekwa kwenye meza ya kulia. Siku ya sita alifika ukurasa wa thelathini na saba. Palikuwa na bamba la duara, nusu kipenyo chake vipimo viwili, ambalo uzito wake unaongezeka kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Mraba wa umbali ni r kipeo cha pili. Baba yake alikuwa ameandika r kipeo cha tatu.

Anakumbuka furaha aliyoipata. Hilo ni vigumu kulisoma mbele za watu, lakini limeandikwa na litasomwa. Aliona kwamba baba yake, mkuu wa idara, amekosea, na yeye, mwanafunzi wa mwaka mmoja, amemkamata. Ile r ya tatu ilikuwa jakobiani. Ilikuwa pindo la sketi ya mama yake. Hakuiona hivyo. Aliona mzee ambaye macho yamemchezea. Mwalimu alikuwa chumba cha pili, ameegemea mto, anasikiliza redio. Zilikuwa hatua kumi. Binti hakuzipiga. Aliifuta ile tatu akaandika mbili, akapiga hesabu upya mpaka mwisho, akarekebisha jibu lilingane na kosa lake, na akafanya hivyo hivyo katika mifano miwili iliyofuata, ili kijitabu kisijipinge chenyewe. Alipanga kumtania babake wakati wa chakula. Siku hiyo wakaja wageni, kesho yake akasahau, na siku ya tisa kijitabu kikaenda kupigwa chapa kikiwa na jina moja tu kwenye jalada, la Mwalimu.

Mwezi Novemba wanafunzi thelathini na wanane walifanya mtihani wa taifa. Swali la sita lilikuwa na bamba la duara. Wote thelathini na wanane walitoa jibu moja, lisilo sahihi, kwa hatua zile zile na kwa mpangilio ule ule. Baraza la mitihani lilizuia matokeo. Barua iliyomfikia mkuu wa chuo ilitumia neno udanganyifu, na adhabu ya udanganyifu ilikuwa kufutiwa mtihani wote na kutorudi kwa miaka mitatu.

Jumatatu tarehe 21 Januari 2002, macho yake yakiwa yamepona, Mwalimu aliketi kwenye meza ya kulia na kijitabu mkono wa kushoto, daftari la kijani mkono wa kulia. Binti alimwona kupitia mlango. Alimwona akienda ukurasa kwa ukurasa, kidole huku, kidole kule, na aliona kidole kilipokoma. Mwalimu alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Kesho yake alimwomba bintiye amsindikize kwenye ofisi za baraza. Wakati wanatoka, daftari la kijani lilikuwa bado mezani, karibu na mkasi wa mama.

"Baba, daftari," binti alisema.

"Liache. Halina kazi leo."

Binti alielewa pale pale. Mwenye kusoma haya asidhani alikuwa mjinga wa kutoelewa. Lile daftari ndilo lilikuwa ushahidi pekee kwamba Mwalimu alijua anachofundisha, na alikuwa analiacha nyumbani.

Chumba walichoingizwa kilikuwa na meza ndefu, feni isiyozunguka na benchi ukutani kwa wasindikizaji. Mtahini mkuu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kupangapanga karatasi. Mkuu wa chuo aliketi pembeni, anatazama viatu vyake.

"Mwalimu," alisema mtahini, "hawa watoto wamenakiliana?"

"Hapana. Wamenifuata mimi." Aliweka kijitabu mezani kikiwa kimefunguliwa. "Ukurasa wa thelathini na saba. Nimewafundisha hivyo."

Mtahini alisoma. Alisoma tena. "Hii r imekwenda wapi?"

"Haipo."

"Naona haipo. Miaka ishirini na miwili unafundisha kitu hiki. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa nyuma ya darasa lako nikakuona na ule mpira wako. Leo uniambie umesahau?"

"Mtu husahau."

"Mara tatu? Mifano mitatu mfululizo?"

"Mkosaji akikosa anakosa vizuri," Mwalimu alisema, na mtahini akacheka kidogo bila kutaka. "Jina lililo juu ya kitabu ni langu. Waandikie watoto kwamba hawakuiba. Mengine niandikie mimi."

Benchi lilikuwa mita mbili kutoka mezani. Binti alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, ana ulimi, ana akili zake timamu. Alikuwa ameshika mwavuli wa baba yake. Aliushika mpaka wakatoka.

Wanafunzi walisafishwa tuhuma ya wizi. Alama za swali hawakurudishiwa, na kumi na tisa kati yao ilibidi warudie. Mwalimu alivuliwa ukuu wa idara tarehe 1 Machi 2002 na kuhamishiwa madarasa ya awali, kufundisha sehemu na asilimia kwa wanaojifunza uashi na useremala. Wanafunzi wakagundua kwamba jibu la kijitabu ni theluthi mbili kamili ya jibu sahihi, na tangu hapo hakuwa na jina jingine. Theluthi Mbili. Liliandikwa kwa chokaa mlangoni mwa ofisi yake. Muuza vifaa vya ofisi, akimwona anaingia, alikuwa akiuliza, "Mzee Theluthi Mbili, rimu nzima au nikukatie?" Na kila mwaka ilifika siku ambayo ratiba ilimlazimu kuandika mbili juu ya tatu ubaoni, mbele ya waashi arobaini. Alikuwa akiandika, anaweka chaki chini, anangoja kicheko kiishe, anaokota chaki, anaendelea. Alifanya hivyo mpaka alipostaafu, tarehe 31 Machi 2008.

Wale kumi na tisa aliwafundisha upya mwenyewe, kila Jumamosi asubuhi, barazani kwake nyumbani, kwa miezi mitano. Binti wa kati, alipokuwa nyumbani, aliwapelekea chai. Kumi na saba walirudia na kufaulu. Wawili hawakurudi tena. Mmoja wa hao wawili, msichana aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote katika uchoraji wa ramani, binti alimkuta miaka mingi baadaye nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa, anapima kwa fimbo ya mita. Alimsalimia kwa uchangamfu, akamuulizia Mwalimu. Binti alinunua mita nne za kitambaa ambacho hakukihitaji. Kipo kabatini, hakijashonwa.

Wiki moja baada ya safari ile ya baraza, Mwalimu alimpa bintiye mswada mwingine aupige. Hakuna aliyemlazimisha, macho yake yalikuwa mazima na kupiga mwenyewe aliweza. Alimkabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Soma kwanza. Ukiona kitu kimezidi, niulize. Nipo chumba cha pili." Hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kumwambia kuhusu jambo hilo, kwa miaka ishirini na miwili.

Baada ya kustaafu alilima bustani ndogo yenye mistari iliyonyooka mno, akarekebisha saa za majirani, na akamsaidia mkewe kukata sketi magoti yalipoanza kumsumbua mshonaji. Mwezi Februari 2024 alianza kuchoka na kuvimba miguu. Ilionekana ni moyo. Tarehe 3 Mei alilazwa, wodi ya pili, kitanda cha karibu na dirisha.

Siku ya pili alipelekwa kupigwa picha ya kifua. Mtaalamu wa mashine alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Yupo hapa leo, na ameruhusu jambo hili lisimuliwe. Alimtambua mara moja.

"Theluthi Mbili! Ni wewe? Haya, simama hapa, mzee wangu. Vuta pumzi."

"Nikivuta theluthi mbili haitoshi?"

"Leo vuta yote, Mwalimu. Mashine hii haina huruma kama wewe."

Walicheka wote wawili, Mwalimu mpaka akakohoa. Binti alikuwa mlangoni, amekumbatia shati la baba yake. Ilikuwa rahisi kusema pale. Watu walikuwa watatu, mlango umefungwa, na wawili kati yao ndio waliodhulumiwa. Alimvalisha baba yake shati, akafunga vifungo kimoja baada ya kingine.

Alhamisi tarehe 16 Mei, mchana, akiwa peke yake naye, binti alikunja gazeti alilokuwa anamsomea.

"Baba, kuna jambo la zamani."

Mwalimu alifumbua macho. Yalikuwa macho mazuri, yale yale yaliyofanyiwa upasuaji. Alimtazama, akangoja. Akaingia muuguzi na vidonge, akampa maji, akarekebisha mto, akatoka. Mwalimu alikuwa bado anamtazama. Alikuwa bado anangoja.

"Nilitaka kuuliza kama unahitaji blanketi," binti alisema.

"Lete," akasema Mwalimu.

Mwalimu alifariki Jumapili tarehe 19 Mei 2024, saa nane na robo mchana, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na Kaka Mkubwa wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Binti wa kati alikuwa amekwenda kununua maji.

Juzi Alhamisi, wakati wa kukunja nguo za marehemu, Kaka Mkubwa aliingia kuuliza kuhusu wasifu. Yeye ni fundi umeme, mtu wa maneno machache. "Andika kuzaliwa, andika kazi, andika ndoa," alisema. "Ile ya kijitabu iache. Mzee kaaibika vya kutosha, tusimzike nayo." Alipotoka, binti alikaa kitandani na soksi mkononi, akamwambia mama yake yote. Ukurasa wa thelathini na saba, ile tatu, zile hatua kumi.

Mama aliendelea kukunja. "Najua," alisema. "Aliniambia siku ile ile mliyotoka baraza."

"Tangu wakati huo?"

"Nilimwambia, muite mtoto umuulize. Akasema, hapana, atakuja mwenyewe. Nikamuuliza, asipokuja? Akasema, atakuja, ni mtoto mkweli, ana woga tu."

"Kwa hiyo alikuwa anangoja."

"Alikuwa anangoja." Mama aliweka shati juu ya shati. "Na usidhani nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa radhi. Alinikataza. Kila walipomwita jina lile sokoni, mimi niliyekuwa naye ndiye niliyekuwa nalimeza. Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Cherehani nimebadilisha mara tatu."

Mama alimpokonya soksi, akaikunja pamoja na mwenzake. "Huko kwenye wasifu," akasema, "usiandike kwamba alisahau."

Mwalimu ameacha mjane, mshonaji; watoto watatu, yaani Kaka Mkubwa, binti wa kati na kitindamimba; wajukuu saba, wa mwisho akiwa na miezi minne; dada yake mmoja aliye hai; na wanafunzi aliowafundisha chuoni kwa karibu miaka ishirini na tisa, ambao idadi yao yeye angeijua na sisi hatuijui. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ya pili, mtaalamu wa mashine ya picha, na majirani waliotuletea viti.

Daftari la kijani lipo mezani pale, kando ya kitabu cha rambirambi, limefunguliwa. Kila mtu anakaribishwa kulitazama, hasa wale kumi na tisa, na popote alipo, yule wa duka la vitambaa. Wenye kijitabu bado majumbani, au wenye kumbukumbu yake tu, wanaombwa kuchukua kalamu na kuandika sahihisho hili. Ukurasa wa thelathini na saba, mstari wa nne: palipo na r kipeo cha pili, soma r kipeo cha tatu, kama Mwalimu alivyoandika. Aliyebadilisha ni binti yake wa kati. Alibadilisha bila kuuliza, na akanyamaza. Mstari wa mwisho: palipo na pai mara kumi na sita juu ya tatu, soma pai mara nane.

Apumzike kwa amani mtu ambaye jibu lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo.